Majina Wako Ni Nani?

Annie Mwamba hakuwa mjinga, na ninataka hilo lieleweke kabla hamjaanza kumcheka. Alikuwa na site ya watoa damu kwenye mtandao, aliijenga mwenyewe, na watu wengi wa Lubumbashi walikuwa wameizoea. Mgonjwa akikosa damu, familia inamwandikia Annie, Annie anatuma ujumbe kwa watoa damu wa kundi lake la damu, na mara nyingi mtu anapatikana siku hiyohiyo. Ameokoa watu ambao hata sura zao hazijui. Siku ile mgonjwa alikuwa Keren, mdogo wake wa tumbo moja.

Keren alikuwa amejifungua asubuhi, mtoto wa kike mzima kabisa, na baada ya hapo damu ikakataa kusimama. Daktari akatoka chumba cha uzazi, akawakuta Annie na Doudou, mume wa Keren, wamesimama kando ya ukuta.

"Njo O négatif tunatafuta," akasema. "Mu frigo haina hata poche moja ya damu. Mufanye mbio, juu mukikawia tutamupoteza."

"Docteur, usiogope," Annie akajibu. "Hiyo njo kazi yangu."

Alisema hivyo kwa majivuno kidogo, nami simlaumu. Akatoa simu, akafungua site, akaandika neno la siri. Likakataliwa. Akaandika tena polepole, herufi moja moja. Likakataliwa tena. Tangu wiki iliyopita hakuwa ameingia humo, kwa sababu ya shughuli za Keren.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mtoto hapewi jina hivi hivi. Anapewa la mtu fulani, bibi au shangazi au rafiki wa baba, na mtu huyo anakuwa majina wake, wa kuheshimiana naye maisha yote. Sasa, watoa damu walikuwa wakisahau neno la siri kila mara na kumsumbua Annie hata kanisani. Basi akaweka mlango wa pembeni: ukisahau, site inakuuliza, "Majina wako ni nani?" Ukijibu sawasawa, unaingia na kuweka neno jipya. Alijipongeza sana kwa swali lile. Mwizi wa huko mbali atajulia wapi majina wa mtu wa Kampemba?

Jambo moja lilimpita. Majina wako ni mtu mwenye jina lako. Annie aliitwa Mwamba kwa sababu ya bibi yake Mwamba, na jina hilo lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya picha yake akicheka. Mtu alikuwa ameandika tu "Mwamba", akaingia, akabadilisha neno la siri, halafu akabadilisha na swali la Annie, ili asirudi kwa mlango uleule. Ni sawa na kufunga nyumba kwa kufuli na kuacha ufunguo ukining'inia hapo hapo.

Nakala ya akiba ilikuwepo, msidhani Annie ni mzembe. Ilikuwa ndani ya site ileile.

"Yaya, umepata?" Doudou akauliza. Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Ningojee kidogo."

Bila kuingia kama mwenye site, alichoweza kuona ni kile ambacho kila mtu anaona: jina, mtaa na kundi la damu. Namba za simu zilifichwa, na yeye ndiye aliyezificha. Wa O négatif walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa amehamia Sakania, mbali mno kwa mwanamke anayevuja damu. Wa pili aliitwa Clément Kangwa, wa Bel-Air. Annie akaona njia moja tu, na ikamchoma moyo. Akagusa "Nimesahau". Site ikauliza majina wa Clément Kangwa ni nani. Akaandika "Kangwa". Alitamani ikatae. Ikafunguka, na namba ya simu ikatokea, pamoja na jina la barabara na namba ya nyumba.

Simu ikaita mara nyingi kabla ya mtu kupokea.

"Papa Clément? Mi niko Annie, wa ile site ya damu. Mudogo wangu iko anakufa, ana—"

"Tena? Namba yangu mulitosha wapi?"

Annie angeweza kudanganya. Hakuwa na nguvu hata ya kutunga uongo. "Niliingia mu compte yenu, papa. Niliandika Kangwa."

"Bezi mweye," mwanaume akawaita wezi kwa sauti ya uchovu, na simu ikakatika. Alipopiga tena, haikuita.

Akatoka mbio, akapanda pikipiki ya manseba, dereva wa kukodi, wa kwanza aliyemwona, akamwambia Bel-Air. Njiani alilia waziwazi, na yule dereva kwa huruma akaongeza mwendo.

Clément Kangwa alikuwa mwanaume wa makamo. Alifungua mlango wa uani, akamtambua kwa ile picha ya kwenye site, na uso wake ukakunjika. Nyuma yake mwanamke alikuwa anaanika nguo. Annie akapiga magoti mavumbini palepale mlangoni.

"Papa, ninakuomba. Damu tu. Iko ku maternité, alizala asubuyi."

Clément hakumfokea. Alikunja mkono wa shati, akamwonyesha alama nyeusi ndani ya kiwiko.

"Nilitoshaka damu siku ya mungu, Jumapili," akasema. "Message ilitoka ku site yako, na jina yako chini. Eti mutoto iko anakufa. Nilienda kule mutaa ya Golf, mu nyumba moja haina hata kibao. Balinitosha damu, nikauliza mutoto iko wapi, balicheka tu. Balienda kuiuzisha, mama. Sasa hata ningetaka kukupatia, docteur hatakubali."

Annie akainamisha kichwa mpaka chini. Kumbe walikuwa wamemtangulia kwa jina lake mwenyewe, wakaichukua damu ya mdogo wake kabla mdogo wake hajaihitaji. Hakuona tena pa kwenda.

Yule mwanamke akaacha nguo, akaja. "Mi niko Chilufya, dada yake," akasema. "Nilikatalaka kuandika jina yangu mule mu site. Clément alinicheka, eti niko muntu wa zamani." Akamtazama kaka yake bila kutabasamu. "Mama, mudogo wako iko na bwana? Mumuite, nisikie."

Annie akampigia Doudou, akampa Chilufya simu. Chilufya akajitaja, akauliza hali ya mgonjwa. Doudou alijaribu kusema, akashindwa, akabaki analia tu, na nyuma yake kichanga kilikuwa kinalia pia. Chilufya akasikiliza mpaka akaridhika, akarudisha simu.

"Damu yangu iko kama ya Clément," akasema. "Ngoja nivae viatu."

Hospitalini maabara ilimpima, ikakubali, na poche ikapelekwa ndani ingali na joto la mwili wake. Wakangoja. Annie hakuweza kukaa wala kusali, alikuwa anarudia jina la Keren chinichini tu. Mwishowe daktari akatoka.

"Damu imesimama," akasema. "Hatujatoka mu hatari, lakini anapumua muzuri. Anauliza mutoto."

Doudou akaingia ndani mbio. Annie akamshika Chilufya mikono yote miwili.

"Usiandike jina yangu mu site yako," Chilufya akamwambia. Hakusema kwa ubaya.

"Hata nikitaka siwezi, yaya. Haiko yangu tena."

Simu ya Annie ikatetemeka. Naye alikuwa mtoa damu kama wengine, A positif, jina lake liko humo. Ujumbe ulitoka kwenye site: mgonjwa yuko mahututi, anahitaji A positif sasa hivi, mfike Golf. Chini uliandikwa, "Mimi wenu, Annie Mwamba."

Chilufya akausoma juu ya bega lake.

"Na huyu mugonjwa," akauliza, "iko wa kweli?"

Familia za kweli bado zilikuwa zinaandika kwenye site ile, na sasa wezi ndio waliosoma maombi yao. Zingejuaje?

"Sijue," Annie akasema.