Mdomo wa Nives

Kwa filamu nne mimi ndiye niliyekuwa sauti ya Nives Ballarin. Yeye alitoa sura, mimi nikatoa koo. Mumewe, Ruggero, ndiye mwongozaji, na ndiye aliyeamua hivyo. Alisema mkewe ana uso wa malaika, lakini akifungua kinywa inatoka Comacchio nzima, kwao kwenye mabwawa, pamoja na matope yake. Aliyasema hayo mezani, mbele ya wageni, Nives akimega mkate. Watu walicheka. Nami nilicheka, maana mkate wangu ulitoka humo humo.

Hapa Roma haturekodi sauti wakati wa kupiga picha. Maseremala wanagonga misumari, mwongozaji anafoka kwenye kipaza sauti, na mwigizaji ambaye hajapewa maneno anaambiwa ahesabu tu: moja, mbili, tatu, huku akilia au akibusu. Maneno huandikwa baadaye, na watu kama mimi huyapachika kwenye midomo wakati picha inapita kwenye pazia la sinema. Nimewahi kumtilia malkia kilio cha kufiwa na mwana juu ya hesabu ya ishirini na saba. Hakuna aliyejua.

Filamu hii ya nne ilihusu ndoa, na kila mtu mjini alijua ni ndoa ya nani. Mume anabeba mlango wa chumba cha kulala mgongoni, barabarani, kanisani, na kila akitaka kusema na mkewe anausimamisha na kubisha hodi. Mke hafungui. Mwishoni mke anakaa kwenye meza ya harusi ufukweni Ostia, tulikopiga picha mwezi Novemba. Wageni arobaini ni masanamu ya dukani yaliyovalishwa suti, maji yanapanda mpaka magotini, na yeye anaitazama kamera na kusema maneno mengi. Ruggero aliyaandika maneno hayo baadaye, Februari: mke anamsamehe mumewe yote. Wajuzi walisema huo ni ujasiri. Mimi niliona mtu anayejisamehe kwa mdomo wa mwenzake.

Studioni tulifika kwenye onyesho la meza hiyo asubuhi ya Jumamosi Kuu, kwa kuwa filamu ilingojwa kwenye tamasha mwezi Mei. Tulikuwa watu watatu tu: mimi mbele ya maikrofoni, Ruggero nyuma ya kioo, na Otello, fundi wa sauti, ambaye mkewe alimfungia mayai na soseji ya Pasaka, naye hakuacha kukitupia macho kile kifurushi.

Kipande cha filamu, kilichoungwa ncha kwa ncha ili kijirudie, kikaanza kuzunguka. Nikasema "nakusamehe", na mdomo wa Nives kwenye pazia ukanikataa. Nikaharakisha, nikavuta, wapi. Miaka kumi na tisa katika kazi hii, nimewatilia maneno hata mbwa, leo mwanamke ambaye kila mkunjo wa mdomo wake naujua ananishinda. Nikamwomba Otello akizungushe nikiwa kimya. Mara ya nne nikaacha kutafuta maneno ya Ruggero, nikaanza kusoma ya Nives. Nikakigeukia kioo.

"Ruggero," nikasema, "mkeo hapa hahesabu."

"Anahesabu. Nilimwambia mwenyewe, mpaka thelathini."

"Haya, sikiliza."

Nikahesabu juu ya picha, moja baada ya nyingine. Midomo ilikwenda Milano, hesabu ikaenda Napoli. Hata Otello alisahau soseji yake. Kisha nikasema yale niliyoyasoma, na yakakaa kama kifuniko kwenye sufuria yake:

"Niko mita tatu kutoka kwako na hunisikii. Nimechoka kutiliwa maneno. Nitakaa mpaka Pasaka. Ukisikia hata neno moja, njoo uniambie, nitabaki. Usiposikia, Jumapili nakwenda kwa mama, na sirudi tena."

Aliyasema hayo mchana kweupe, mbele ya watu sitini, huku mumewe akimfokea atabasamu. Na kwa miezi mitano Ruggero alikaa kwenye meza ya kuhariri akiutazama mdomo ule ule, akikata hapa, akiunga pale. Nilimwonea Nives huruma. Nilimwonea na haya, maana sauti aliyonyang'anywa ndiyo niliyokuwa nikiishi kwayo.

Ruggero alisimama, uso umempauka. Nikajua sasa atachukua koti lake. Kutoka pale mpaka nyumbani kwake ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na Pasaka ilikuwa kesho.

"Rudia," akasema.

Nikadhani hakuyaamini masikio yake. Nikarudia. Alisikiliza amefumba macho, machozi yakamtiririka, na yalikuwa ya kweli, sitamsingizia.

"Nzuri," akasema. "Nzuri kuliko niliyoandika mimi. Tunaiacha hii hii. Ila hapo kabla ya neno Pasaka, Iole, vuta pumzi kidogo."

"Maestro," Otello akamwambia taratibu, "nenda nyumbani."

"Nitakwenda tukimaliza."

Otello akanigeukia. "Sikio la kufa," akanong'ona, hakumalizia.

Nikavua vipokea sauti vya masikioni, nikatoka mpaka kwenye simu ya ukutani. Nives aliipokea kabla haijalia mara ya pili. Nikamwambia ni mimi, na kwamba tumefika kwenye meza ya ufukweni.

"Amesikia?" akauliza.

"Amesikia."

"Amesemaje?"

Nimemsemea mwanamke huyu miaka saba. Nimemlilia, nimemchekea, nimemwombea radhi kwa wanaume ambao hakuwakosea. Siku hiyo nilitafuta neno la kumpa, sikulipata, nikabaki na ukweli.

"Amesema nivute pumzi kidogo kabla ya Pasaka."

Akacheka. Alicheka kwa sauti yake mwenyewe, nzito, ya kwao kwenye mabwawa, na ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza na sikuwahi kulisema.

"Basi vuta, dada," akasema, akakata simu.

Nikarudi chumbani. Taa nyekundu ilikuwa imeshawaka, na kwenye pazia mdomo wa Nives ulikuwa unaanza upya. Ruggero akanipa ishara kwa mkono. Nikavuta pumzi.