Mama Aliyemtia Sukari Mwanamke wa Kitabuni

Kulikuwa na mama mmoja, binti yake mshonaji, mkono wa dhahabu, ulimi wa wembe. Wateja walimwita Pilipili na bado walirudi, maana nguo zake zilikaa mwilini. Lakini mchumba si mteja, na hilo ndilo lililomnyima mama raha.

Kila alasiri binti akikanyaga cherehani, mama alimsomea riwaya ya mapenzi kwa sauti, kwani macho ya mshonaji hayana nafasi. Mwanamke wa riwaya ile hakupendeka hata kidogo: mkaidi, anajiona, hajui pole wala samahani. Binti alimpenda kama dada yake wa tumbo moja.

Fundi makochi wa mlango wa pili akaanza kuja kusikiliza, anakaa kwenye stuli karibu na meza ya pasi. Mama akaona heri inabisha hodi. Papo hapo akaingiwa na hofu: akimchoka yule wa kitabuni, si atamchoka na huyu wa cherehani?

Basi akaanza kutia sukari. Palipoandikwa, "Ondoka, unanizibia taa," yeye akasoma, "Karibu mpenzi, kaa popote roho ipendapo."

Fundi akapiga miayo. Kesho yake akainuka ukurasa haujaisha.

"Mama, naomba niwaage. Huyu dada wa kitabuni mwanzo alinichekesha mpaka njiani. Sasa amekuwa chai ya jana."

"Hata mimi nashangaa," binti akasema, macho kwenye sindano. "Mama, ana homa?"

Mama akarudi nyuma, akasoma kama ilivyoandikwa: "Ondoka, unanizibia taa. Na hilo shati umeazima kwa nani?"

Fundi akaangua kicheko, akakaa tena. Binti naye akacheka mpaka uzi ukakatika, kisha akamgeukia.

"Wewe unacheka nini? Kola yako upande mmoja unakwenda, mwingine unarudi. Nani kakushonea?"

Mama akafumba macho. Kwisha habari yetu.

"Nimejishonea mwenyewe, kwa sindano ya makochi," fundi akajibu. "Tangu jana nangoja uniseme, nawe umekaa kimya unamsikiliza huyo mpole wa kitabuni. Utanishonea mashati yangu yote, mpaka uzeeni?"

"Kwa sharti usishike tena sindano."

Mama akafumbua macho, akajikuta anacheka na kulia pamoja.

Mama wenzangu, jihadharini. Aliyefuata pilipili, ukimpa asali unamfukuza.