Siku Lokbar Kilipoletwa Kwetu na Maji

Limeto alikuwa akichoma mashelisheli ya wageni, moshi ukimtoa machozi, kisiwa chetu cha Lokbar kilipofika kikielea na kusimama kando ya mwamba wa ugenini tulikohamishiwa, minazi yake yote wima. Ndicho kile tulikotolewa serikali dhamini, iliyokabidhiwa visiwa vyetu na mataifa, ilipokitaka kwa majaribio ya mabomu.

"Kimechelewa," alisema mama yake, Neikon, kutoka kwenye kona.

Neikon alikuwa amekufa mwaka juzi. Alikataa katakata kuzikwa kwenye mchanga wa watu, basi akabaki pale pale, anasuka mkeka na kukosoa mapishi.

"Mama, twende nikakuzike sasa hivi, kabla hakijaondoka."

"Wageni hawajala, unipeleke wapi? Miaka miwili sijaoza, nitaoza leo? Hebu pika!"

Limeto akapika, roho juu.

Wageni walikuwa wajumbe wa mataifa, wanaokuja kuangalia kama visiwa vinatunzwa. Kwetu mgeni haelezwi shida kabla hajashiba. Tena akisifu kitu chako, ni chake. Lokbar kilipotea hivyo hivyo: afisa wa serikali hiyo alisema kisiwa chenu kizuri, na mzee Lanbod, mkuu wetu, angefanyaje?

Safari hii Lanbod alijihadhari. Aliwakalisha wageni wakiipa bahari mgongo, na wanawake wakaimba kwa sauti ya kupasua koo. Mkononi alishika ombi la kurudi nyumbani.

Mwenyekiti wa wajumbe alikuwa mtu mwema, lazima tuseme. Alimfuta kamasi mtoto wa watu kwa kitambaa chake. Alikula kaa mzima, akalamba vidole, akageukia bahari anawe mikono.

"Jamani, kisiwa kile kizuri!"

Wimbo ukakatika. Limeto alitamani Lanbod awe kiziwi, hata kwa dakika moja tu.

"Ni chako, mheshimiwa," alisema Lanbod, machozi yakimtiririka.

Mkalimani akatafsiri. Mwenyekiti akacheka, akadhani ni utani, akashukuru kwa adabu, kisha akauliza kama tuna shida yoyote. Lanbod alilikunja ombi akaliweka mfukoni. Utaombaje ulichokwisha kutoa?

Meli ilipong'oa nanga, Lokbar kikaifuata taratibu, kama nguruwe aliyefungwa kamba. Mwenyekiti alipunga mkono mpaka akawa mdogo. Nasi tukapunga.

Limeto alirudi ndani, akaketi karibu na kona.

"Kimeondoka?" aliuliza Neikon.

"Kimeondoka, mama. Amekisifu."

Neikon aliacha kusuka. Aliweka mikono juu ya mkeka ambao angezikwa nao.

"Lakini alishiba?"

"Alishiba."

"Haya. Nisogezee majani, mwanangu. Bado upande mmoja."