Orodha Iliyobaki Kwenye Mashine ya Mizani

Wiki ile mama yangu alikuwa analala jikoni, kule Mugango, kwa sababu chumba chake kilikuwa kimejaa pamba mpaka kwenye bati. Bati lenyewe lilikuwa la zamani, linavuja, na tangu Jumapili mawingu yalikuwa yanakaa juu ya ziwa. Lori la kampuni lilikuwa liende kuichukua Alhamisi. Likikosa Alhamisi, halirudi mpaka wiki tatu, na pamba iliyolowa hakuna mnunuzi anayeigusa.

Mimi nilikuwa Bunda, nafagia. Kiwanda kilikuwa cha wanunuzi binafsi, wale walioruhusiwa kununua pamba mwaka ule ule, na mimi Dafroza niliajiriwa kufagia ofisi, kuchemsha chai na kufuta vumbi la pamba kwenye kompyuta mbili. Moja ilikaa ofisini kwa Bwana Magesa, kijana wa Musoma aliyesomea kompyuta miezi miwili Mwanza. Ya pili ilikaa kwenye mizani, kwa Mzee Wambura, na hiyo ilikuwa na betri kubwa chini ya meza kwa ajili ya mgao wa umeme.

Kazi yao nilikuwa nimeiangalia miezi minne bila kuuliza. Bwana Magesa aliandika mipangilio yote kwenye faili moja, kwa mpangilio wa alfabeti: jina la kijiji, namba yake, siku ya lori. Faili lilikaa kwenye disketi. Asubuhi Mzee Wambura anaingiza disketi, anawasha, mashine inasoma mara moja tu, halafu inakumbuka kutwa nzima bila kuiangalia disketi tena. Kijiji kisichokuwemo, dereva hapewi karatasi ya safari, na mizani inaikataa pamba yake. Najua ilikuwa inakumbuka, kwa sababu wiki ya nyuma Bwana Magesa alibadilisha siku ya Guta saa nne asubuhi, na mashine ikaendelea kuonyesha siku ya zamani mpaka kesho yake. Aliitukana kama mtu.

Jumanne hiyo alikuwa anaongeza vijiji viwili vipya. Disketi zilikuwa adimu, kwa hiyo aliandika juu ya faili lile lile. Disketi ilikuwa bado inakoroma ndani ya mashine, umeme ukakatika. Ukarudi dakika kumi baadaye, akachapa orodha ile ya kwenye disketi haraka haraka, na karatasi ilipokwisha kutoka, ukakatika tena.

"Dafroza, bandika hii mlangoni. Na disketi hii mpelekee mzee. Mwambie azime, awashe, isome mpya."

Nikaangalia chini ya karatasi.

"Bwana Magesa, hii haijaisha."

"Imeisha. Bandika."

"Imeishia 'Kiso'. Kuna kijiji kinaitwa Kiso?"

"Wino huo, dada. Printa ina njaa kama sisi. Nenda."

Kuanza kusoma karatasi kutoka chini nilizoea kwetu. Tangu darasa la tano nilikuwaga nawasomea akina mama barua zao. Barua zinapita mikono mingi, na ukurasa wa pili watu wanasokotea tumbaku. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo unatafuta kwanza mahali palipoandikwa "ni mimi wako" na jina. Usipopaona, husomi. Wakati sijazaliwa, shangazi Pelagia alisomewa ukurasa mmoja kwamba kaka yake ametolewa majini Kisorya. Watu wakalia siku mbili, wakanyoa vichwa, mbuzi akachinjwa. Siku ya tatu marehemu akaja kwa miguu, anauliza nani amefariki. Ukurasa wa pili ulikuwa unasema katapika maji, sasa anakula.

Basi nikaenda mpaka kwenye mizani mbio mbio. Betri ilikuwa imeanza kulia chini ya meza, pii, pii, na Mzee Wambura kidole chake kilikuwa tayari kwenye swichi.

"Usizime, mzee!"

"Umekuwa meneja lini, binti? Chai yenyewe unachomaga."

"Nionyeshe vijiji kwanza. Ile batani unayobonyezaga."

Akabonyeza huku anacheka. Orodha ikajaa kwenye skrini, nzima, mpaka mwisho. Mugango ilikuwepo, Alhamisi.

"Sasa kelele za nini? Mugango yako hii hapa."

"Ipo humu kwa sababu huyu mashine hajasoma disketi tangu asubuhi. Faili la kwenye disketi hii limekatika, Bwana Magesa anasema ni wino tu. Ukizima atasahau, ukiwasha atasoma iliyokatika. Hatakuwa na Mugango, hatakuwa na Nyamuswa, wala Nyasura ya hapa hapa Bunda."

Mzee akaacha kucheka. Kidole akakitoa kwenye swichi taratibu, kama mtu anayemwondolea mtoto nzi usoni.

"Betri hii ikianza kulia haikai," akasema. "Ina dakika chache."

Printa haikuwa na umeme. Nikageuza ile karatasi ya Bwana Magesa, nikachukua kalamu ya mzee. Vya juu vilikuwa vimeshachapwa, kwa hiyo nikamwambia aanzie Kisorya. Yeye akasoma, mimi nikaandika. Jina, namba, siku. Vijiji kumi na moja. Mwandiko wangu ulikuwa wa darasa la saba, lakini unasomeka.

"Tumemaliza," akasema.

"Bado. Sasa mimi nasoma, wewe angalia skrini."

"We mtoto, betri inakufa!"

"Ndiyo maana, mzee. Angalia."

Nikasoma. Tulipofika Nyamuswa akanishika mkono. "Arobaini na moja. Umeandika kumi na nne." Nikafuta, nikasahihisha. Tulikuwa kwenye jina la mwisho skrini ilipokuwa nyeusi. Nikalitaja tu, naye akaitikia. Alikuwa ameshaliona.

Bwana Magesa alikuja na hasira, kwa nini disketi haijaingizwa. Mzee akampa karatasi. Akasoma mbele, akageuza, akasoma nyuma. Akakaa juu ya gunia.

"Karatasi ya majina na namba walizoleta wenyeviti wa vijiji anayo meneja safarini," akasema kwa sauti ndogo. "Nakala nyingine sina. Wakulima ningewaambia nini?"

"Ungewaambia wino," mzee akasema.

Umeme uliporudi nilisimama nyuma ya Bwana Magesa akiandika upya. Alipotaka kuhifadhi nikamwambia asiandike juu ya lile la zamani, hata kama limeharibika. Aandike jipya kwa jina lingine, alifungue tena, tulisome mpaka chini, ndipo tulipe jina la kazi. Na kila siku la jana libaki kando.

"Na wewe usipokuwepo? Mashine haina macho yako."

"Mwekee neno la mwisho. Asipolikuta asilikubali faili, atumie la jana."

Akanigeukia. Nilidhani atanicheka. Akasema, "Hiyo ni mistari sita tu ya programu," akaanza kuiandika. Chini kabisa ya faili akaweka MWISHO na idadi ya vijiji. Jioni tuliijaribu mashine ya mizani kwa kuipa faili tulilolikata makusudi. Skrini ikaandika: *Faili halijakamilika. Natumia la jana.* Mzee Wambura akaipigia saluti.

Alhamisi lori liliondoka asubuhi na karatasi ya Mugango. Lilirudi saa tisa alasiri, na juu ya magunia alikaa mama yangu, Eufrasia, na kanga yake kichwani. Dereva Chacha alishuka analalamika.

"Huyu mama kakataa kushuka! Anasema anaisindikiza pamba yake kama bibi harusi."

Mama akaja mpaka mlangoni pa mizani, akachungulia.

"Ndiyo hii mashine dereva kaniambia mliogopa itatusahau? Mbona ndogo hivi, kama sanduku la maandazi?"

"Shikamoo, mama. Usiiguse."

"Marahaba. Nani kakuambia naigusa? Iambie Mugango imefika."

Mzee Wambura akasogea pembeni, akanionyesha kiti chake. Nikafuta mikono kwenye gauni, nikaandika namba ya Mugango, nikabonyeza. Mashine ikafikiri kidogo. Kisha jina letu likatokea, na gunia la kwanza likapanda kwenye mizani.