Vidole vya Muadhini

Kabla msikiti wetu haujatiwa kipaza sauti, mwito wa sala ulikuwa ni koo la shemeji yangu, Mmanga bin Hija. Alikuwa akisimama juu ya ukuta mfupi wa nje, kidevu kakiinua, vidole kavitia masikioni kama wafanyavyo waadhini tangu zamani, na sauti ikiteremka bondeni mpaka Mkoani. Mwenyewe akidai kuwa hata Makoongwe, ng'ambo ya maji, wavuvi walikuwa wakisali kwa adhana yake. Watu wa Makoongwe hawakupata kulithibitisha hilo, wala hakuna aliyethubutu kuwauliza.

Ijumaa moja ya mwaka 1959, Ramadhani ikiwa inakaribia, Shehe Himid, imamu wetu, alitoa waadhi juu ya kaumu ya Nabii Nuhu. Alieleza jinsi Nabii alivyowaita watubu, mchana na usiku, nao wakajigubika nguo na kutia vidole masikioni wasisikie. Shehe alikuwa mtu wa kuonyesha kwa vitendo. Akainua kidevu, akatia vidole masikioni, akafumba macho. Akawa Mmanga mwenyewe hasa. Na Mmanga alikuwa ameadhini muda mfupi tu uliopita, sasa ameketi safu ya mbele. Huko nyuma Vuai, asiyejua kuuzuia mdomo wake, akaangua kicheko, na kicheko cha msikitini ni kama chafya: ukikizuia ndiyo kinazidi. Kikaenea safu kwa safu.

Mmanga hakucheka. Alichukua makubadhi yake akaenda zake. Alasiri ile hatukusikia adhana.

Zilikuwa siku za vyama vya siasa. Watu waligomeana maduka, na hata mazishi. Shehe alikuwa upande huu na Mmanga upande ule, kwa hiyo jioni baraza ya Mmanga ilijaa watu ambao sala ya alfajiri walikuwa wakiisikia kwa jina tu. Walimshauri asirudi na asitubu, maana kutubu ni sawa na kumpigia Shehe kura. Wakaahidi kumjengea msikiti wao wenyewe wa makuti. Mmanga aliwanywesha kahawa, na walipoondoka akamwambia mkewe, dada yangu Mwatum, kuwa watu wale wangejenga hata kanisa, ilimradi Shehe akereke.

Hapo nikajitia mimi kupatanisha. Nilikuwa nikisoma darasa la jioni la watu wazima, na niliamini kuwa ugomvi wowote ni hesabu ambayo haikupangwa vizuri. Nilianza kwa Shehe. Akaniambia yeye hakumtaja mtu. Ile ni aya, na aya haiombewi radhi. Aliyeikimbia nyumba ya Mungu kwa hasira ndiye anayetakiwa kutubu, tena mbele ya watu. Akitubu, arudi kazini siku hiyo hiyo. Asipotubu mpaka Idi, kazi atapewa Jecha, aliyekuwa akimshikia nafasi, moja kwa moja.

Nikapanda kilimani kwa Mmanga.

"Miye nitubie nini?" akaniuliza. "Kaumu ya Nuhu walitia vidole ili wasisikie. Miye natia ili wengine wasikie. Nenda kamwambie hivyo, weye msomi."

Nilikwenda. Shehe alikiri kuwa hoja ni nzuri, ila yeye aliuliza juu ya kuukimbia msikiti, si juu ya vidole. Nikapanda tena kilima. Nilikwenda na kurudi hivyo mpaka makubadhi yangu yakalainika, na nilichogundua ni kwamba wote wawili walikuwa na haki. Ugomvi wa namna hiyo hauna dawa darasani.

Kwa muda ule adhana alishikilia Jecha, fundi seremala, mtu mwema sana mwenye sauti ya mbuzi aliyesahauliwa mvuani. Mmanga akisali nyumbani peke yake. Mwatum aliniambia kuwa kila Jecha akianza, midomo ya mumewe ilikuwa ikicheza, akiyafuata maneno na kuyanyoosha. Kazi ile aliipenda kuliko chochote alichokuwa nacho, na Idi ilikuwa haiko mbali.

Ramadhani ikaingia. Jioni moja wingu zito la masika lililala upande wa magharibi, kiza kikashuka mapema. Msikiti wetu umezungukwa na minazi, jua la kutua hulikisia tu. Tulikuwa tumejipanga barazani, kila mtu na tende yake mkononi, Jecha akapanda ukutani akaanza kuadhini.

Nyumba ya Mmanga, kwa vile iko kilimani, inaona bahari yote mpaka nyuma ya Makoongwe. Yeye na Mwatum, kama dada alivyonisimulia baadaye, walikuwa wameketi mbele ya futari. Chini ya lile wingu, baina yake na maji, jua lilikuwa limejitokeza zima, jekundu. Mmanga alilitazama jua, akaisikiliza adhana, akatabasamu.

"Watu wanafungua, na jua lile pale," alisema Mwatum.

"Nimeliona."

"Sasa je?"

"Sasa watajua kuwa kuadhini si kupiga kelele."

Mwatum aliufunika uji kwa kawa, akamtazama. Mmanga akatazama chini, kisha akainuka.

Sisi tulimwona akiteremka mbio, kikoi kakishika mkononi, kofia imeanguka njiani, anapiga ukelele kama anayefukuza tumbili kwenye ndizi. "Msile! Jua bado! Temeni!" Tende zikasimama njiani. Jecha akakatika katikati ya neno. Shehe, ambaye yake ilikuwa imeshaingia mdomoni, aliitoa akaiweka kiganjani. Vuai alikuwa keshameza, tena ya pili, na funga ile ilibidi ailipe baada ya Idi.

Mmanga alisimama pembeni akihema. Shehe akamwambia apande ukutani angoje wakati, maana Jecha amekwisha changanyikiwa. Mmanga hakupanda.

"Kwanza nisikilizeni," alisema. "Nilikuwa nimekaa kule juu nawaona mnaharibu funga zenu, nami nikafurahi. Si sana, kama kumeza mate. Lakini nilifurahi. Hilo natubia, mbele yenu nyote. La vidole sitotubia mpaka nizikwe."

Shehe aliitazama ile tende kiganjani mwake, akaigeuza.

"Nami siku ile ya waadhi, Bwana Mmanga," alisema, "kidevu nilikiinua zaidi kuliko inavyotaka aya. Nisamehe."

Mmanga alimwangalia vizuri, kuona kama anataniwa. Hakuwa akitaniwa. Akapanda ukutani. Kutoka nyuma Vuai akasema kama kuna mwengine mwenye kutaka kutubu basi afanye haraka, maana jua sasa limekwisha tua na watu wana njaa.