Mtoto wa Ndiga

Hapana, mjukuu wangu, Abbasi hakuwa anadeka, alikuwa akiumia kweli. Siku hiyo, kule Mbuchi, kijimwiba cha samaki kilimchoma kidole, akalia mpaka sauti ikamkauka. Baba yake, Mshamu, akamcheka.

“Dume gani hili?”

Mama mkwe wa Mshamu, Bi Zena, alikuwa kando anapepeta mchele. Mkwe hasemi na mkwe uso kwa uso, basi akajifunika kaniki, akaongea na ungo wake.

“Ewe ungo, wakati wa vita vya Maji Maji mwanangu alikuwa na mimba ya mtoto huyu. Mumewe akabeba mpunga wote, akawapelekea wapiganaji. Mwanangu akala ndiga, mizizi ya porini, mpaka akajifungua. Mtoto wa ndiga ngozi yake nyepesi, kila kitu kinamfika ndani.”

Mshamu akainama, uso umemshuka. Mkewe, Mwanawetu, alikuwa na mimba nyingine, naye ameshaandaa chakula mkekani, yuko jikoni anangoja wanaume wamsazie, kama siku zote.

“Mwanawetu, njoo ule,” Mshamu akamwita.

“Kabla yenu?”

“Pamoja nasi.”

Akamsogezea kipande kinono cha samaki, hata kumtazama hawezi. Wakakaa wote mkekani, na Bi Zena pia, kampa mkwewe mgongo, wakaanza kula.