Kufuli ya Mzee Thobias

Sijawahi kuchukia chuma kama nilivyoichukia ile kufuli. Ilikuwa ndogo, ya rangi ya shaba, imepachikwa kwenye tundu la kisahani cha namba cha simu ya ofisi ili kisizunguke. Simu ikiita, pokea. Wewe kupiga, sahau. Ufunguo alikuwa nao Mzee Thobias, meneja wa chama chetu cha wakulima wa zabibu, na aliuning'iniza kwenye mkanda wa suruali.

"Ninyi mabinti mtaimaliza ofisi kwa kupigia wachumba," alikuwa akisema.

Mimi, karani wake, nina mume, watoto wawili na cheti cha kompyuta. Redioni tuliimbiwa soko huria asubuhi na jioni, kumbe soko letu la Dodoma limefungwa kwa kufuli ya sanduku.

Jumamosi moja mchana Mzee Thobias alikuwa harusini Kongwa, na ufunguo nao harusini. Akaingia mama Dorkasi, mkulima wa Makutupora, kanga imelowa jasho.

"Mbukwa, mwanangu," akanisalimu Kigogo.

"Mbukwa, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nipigie simu."

Zabibu zake zilikuwa zimeshachumwa, zimo kwenye makreti kivulini. Mnunuzi wake, Bupe wa Dar es Salaam, alikuwa na lori Morogoro. Akiambiwa kabla ya jioni kwamba mzigo upo tayari, lori lingepanda Dodoma. Asipoambiwa, lingepakia nyanya na kurudi. Posta ilikuwa imeshafungwa. Mwaka uliopita zabibu zilimwozea mama huyu mikononi, na alikuwa ameapa kwamba zikioza tena atang'oa mizabibu yote apande mtama.

Nikamwonyesha kufuli. Akaishika, akaigeuza.

"Sisi tunafunga zizi kwa sababu ng'ombe hutoroka," alisema. "Simu nayo hutoroka?"

Nikageuka kwa hasira. Hapo ndipo macho yangu yakaangukia modemu, kisanduku cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Wafadhili walituletea pamoja na kompyuta, Mzee Thobias akaiweka juu ya kabati na kuifunika kitambaa cha kufuma, ikawa pambo. Nikakivuta kitambaa. Nikaunganisha modemu kwenye kompyuta na kwenye waya uleule wa simu ukutani, nikaandika AT, amri ya kuiamsha. Ikajibu OK. Nilikuwa nimekaa ofisini mle miezi mingi bila kitu chochote kunijibu kwa adabu namna hiyo.

Nikaandika ATDT na namba ya Bupe. Modemu ikapiga vinanda vyake, laini ikabaki inavuma. Mitambo yetu ya simu ilikuwa ya kizamani, haielewi vinanda, inaelewa kugongewa. Nikafuta T ya mwisho, nikaweka P ya kugonga. Mwishoni nikaongeza nukta mkato, ili modemu ipige namba tu, isianze kupiga kelele ikitafuta modemu mwenzake. Ikaanza kugonga, namba baada ya namba, kazi ileile ya kisahani kilichofungwa.

"Nyanyua mkonga, mama."

Akanyanyua. Nikaandika ATH, modemu ikaachia laini, na sauti ya Bupe ikasikika hadi kwangu.

"Zimechumwa," mama Dorkasi alisema. "Njoo."

Kesho yake lori lilipakia. Kufuli ilikuwa palepale, nzima.

Jumatatu Mzee Thobias alipopata habari aliikagua kufuli akitafuta mkwaruzo. Nikamweleza kila hatua. Nilidhani atafurahi, chama si kimeuza?

"Mwizi ni mwizi," alisema, "hata asipovunja mlango."

Akaifungia modemu ndani ya kabati la chuma, na ufunguo wa kabati akautia kwenye pete ileile ya funguo mkandani. Nilikwenda chooni nikalia, na sikulia kwa huzuni.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Mzee Thobias aliingia mbio. Sasa zilikuwa zabibu zake yeye, zimeshachumwa, na lori la Bupe lipo Morogoro. Akapeleka mkono kwenye mkanda. Akapapasa mifuko yote. Pete ya funguo ilikuwa imebaki kwenye suruali nyingine, Kongwa kwa shemeji yake alikolala usiku wa jana.

"Ritha, hebu tumia lile dude lako."

"Limo kabatini, mzee."

"Fungua kabati."

"Ufunguo unao wewe."

Akatoka, akarudi na nyundo ya mlinzi wa usiku. Akaninyooshea.

"Basi vunja hiyo kufuli."

Nikaikunja mikono yangu kifuani.

"Wiki iliyopita kufuli ilikuwa nzima, ukaniita mwizi. Leo nikiivunja utaniitaje?"

Akatazama mlangoni, labda yupo mtu mwingine wa kutumwa. Hakuwepo. Meneja wangu akaiweka simu sakafuni, akapiga magoti, akaanza kuigongagonga kufuli polepole, akiogopa kuivunja simu.

"Kaza mkono, mzee," nikamwambia. "Jua linateremka, na zabibu hazisubiri."